Mwanamke wa Shaba Chini ya Kitanda

Shangazi Aziza alikufa mwezi uliopita, na pilau ya matanga yake niliipika mimi. Natanguliza hilo ili asiyenijua asidhani kwamba nilimkosea marehemu heshima. Nilipika sufuria mbili kubwa, nikatandika mikeka, nikaosha sahani za watu ambao hawakuniamkia. Siku ya tatu wanawake walipokaa kugawa vitu vyake, binti yake Mwajuma aliniita chumbani kwa neno letu la dada mkubwa. "Yaya Mwamini, kuya ufungue sanduku. Sasa weye njo mukubwa." Ilikuwa kweli. Waliokuwa wakubwa wote wamekwisha, na ukubwa umenifikia kama vile nguo kuukuu inavyomfikia mtoto wa mwisho. Nikapiga magoti mbele ya sanduku la bati lililovutwa toka chini ya kitanda, katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha baba yangu, nikaanza kutoa. Nguo za Idi. Mkeka wa kuswalia. Mafuta ya nywele yaliyokauka. Chini kabisa nikakuta kitenge cha mama yangu, kile chenye ndege wa buluu, kimefungwa mafundo mawili. Sikuhitaji kukifungua. Nilikiinua tu, nikaujua uzito wake.

Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa nimeambiwa kwamba mwanamke yule yuko chini ya ziwa.

Mwajuma hakujua ninachokijua. Alifungua mafundo yeye mwenyewe, na mwanamke wa shaba ya njano akasimama juu ya mkeka mbele yetu, mrefu kama mkono wangu toka kwenye kiwiko hadi kwenye kiganja. Taji lake limechongoka kwenda juu, goti moja limekunjwa, mguu wa nyuma umeinuka, mikono imetanuliwa, na vidole vyake vimepinda nyuma kabisa, kuelekea mgongo wa kiganja. Uso umetulia, unatabasamu kidogo tu. Alikuwa anang'aa. "Hiyo ni ya mama," Mwajuma akasema. "Kila Idi ikikaribia alikuwa anaisugua na limau na majivu. Alitukataza kuishika." Binti yake, msichana wa sekondere, akaipiga picha kwa simu, akangoja, akacheka. "Eh! Inasema ni mwanamuke wa kucheza ngoma za asili za Thailand. Ya shaba. Pambo ya kuweka ku meza." Bibi mmoja akauliza Thailand iko wapi. "Si kule muchele inatokaka, bibi! Iko imeandikwa ku mufuko." Wanawake wote wakacheka, kwa sababu mtu akishalia siku tatu hucheka upesi. Mimi nilibaki nimepiga magoti. Simu ilikuwa imetumia muda mfupi kuliko ule wa kumenya kitunguu.

Mwaka ninaotaka kuueleza ulikuwa wa pili baada ya lava ya volkeno kupita mjini Goma. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mdogo wangu Saidi alikuwa na kumi na tatu, na Riziki, wa mwisho, tisa. Sitaeleza ukoo. Inatosha kusema kwamba baba alikuwa Mwislamu wa watu wa Maniema, mama alikuwa Mkatoliki wa upande wa Bukavu, mama alikuwa amekwisha kufa, na pande zote mbili zilikuwa bado zinangoja kuona ndoa ile ingezaa balaa gani. Tuliishi Murara, katika nyumba ya mbao ambayo baba aliijenga juu ya mawe ya lava, palepale ile ya kwanza ilipoungulia. Ilikuwa na saloni, chumba cha baba, na chumba chetu watoto. Mbao zilikuwa mbichi wakati wa kujenga, zilipokauka zikaachana, na kati ya chumba na chumba ungeweza kupitisha kidole. Katika nyumba ile hakuna aliyesema neno likabaki kwake. Karibu yote ninayoyajua juu ya watu wazima niliyasikia kupitia nyufa zile, nimelala ubavu, mkono wa Riziki uko shingoni mwangu.

Baba alikuwa dereva wa kamio, lori la mizigo. Mwaka ule wageni wengi wa mashirika walikuwa wanafika na wengine wanaondoka, na baba alihamisha vitu vyao. Anayehama huacha kitu, kwa hiyo baba alirudi na kadoo, zawadi zao: taa isiyo na balbu, kitabu cha mapishi cha lugha tusiyoijua, mwavuli wa mtoto. Jioni moja tulikuwa tunakula bugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu, za kukaanga, alipotoa kitu ndani ya koti, akakiweka katikati ya sahani. "Nimepewa pale nilipohamisha leo. Mama mwenye nyumba alikuwa analia. Akaniambia, pelekea mutoto wako." Saidi akauliza ni nini ile, ni malkia, ni malaika? Baba hakujua. Riziki aliacha kula, akakitazama, akasema, "Anacheza." Basi. Kisha akasimama pale pale na vidole vyenye mafuta ya sambaza, akakunja goti, akainua mguu wa nyuma, akapindua vidole vyake. Riziki alizaliwa na vidole laini, aliweza kuvipinda hadi kucha zikakaribia mgongo wa mkono. Baba alicheka mpaka akajifuta macho. Tangu mama afe sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Halafu akasema, "Ee, anacheza. Lakini acheze chini ya kitanda, mama. Baba yenu mukubwa akiona sanamu ndani ya nyumba hii, hatakunywa tena chai yetu." Akaifunga katika kitenge cha mama, akaisukuma chini ya kitanda chake. Riziki aliruhusiwa kuitoa baba akiwa peke yake nyumbani.

Nimefikiri sana juu ya jambo hilo dogo. Kama baba angeiweka juu ya redio, mbele ya kila mgeni, ingekuwa pambo, na Baba Mkubwa Yusufu angenuna mwezi mmoja, yakaisha. Aliificha ili kulinda amani ya ndugu, na kitu kilichofichwa chini ya kitanda cha mtu aliyekufa hakiitwi pambo tena.

Kamio ilikosa breki kwenye mteremko, baba akitokea upande wa Rutshuru. Tulimzika kesho yake. Nyumba ikajaa. Shangazi Aziza, dada yake baba, alikuja na wanawe watatu. Mumewe alikuwa amemwacha, na walikuwa wanalala katika ghala la jirani huko Birere, kati ya magunia. Siku ya pili ya matanga, Riziki alitoka nyuma ya jiko, mahali ambapo alidhani hakuna mtu, akakunja goti, akapindua vidole. Alikuwa anamtafuta baba kwa njia pekee aliyoijua ya kumchekesha. Shangazi alimwona. Sikumwona akimwona, nilisikia tu sahani ikianguka. Kisha nikasikia, "Weye mutoto! Nani alikufundisha ile?" Na Riziki, ambaye hakuwa amejifunza kudanganya, akajibu, "Yule wa chini ya kitanda."

Walikivuta kitenge mbele ya wanawake wote. Shangazi akaiinua sanamu, na ilipoinama kitu kikalia ndani yake. Kra, kra. Akaiachia ikaanguka. "Iko na meno ya mutu ndani!" Usiku hakuna aliyenisemesha, lakini nyufa zilinisemesha. "Hii si ya kwetu," Shangazi alisema. "Sisi hatunaka sanamu. Hii ni ya ule mama yao. Hawa njo watu wa kupigia sanamu magoti. Alimwachia mutoto, na mutoto amekula baba. Muliona vidole?" Wiki iliyofuata Mama Mdogo Josefina, mdogo wa mama, alifika kwa mashua kutoka Bukavu, akaonyeshwa. Alishika rozari yake kwa mikono miwili. Nilidhani yeye atatutetea. Akasema, "Bikira Maria haikuwaka na vidole ya namna hii. Hii ni majini ya Waislamu, ile watu wa pwani wanafungiaka ndani ya shaba. Shemeji alitoa nayo kwao. Masikini dada yangu, kumbe njo hii ilimuua." Ndivyo ilivyokuwa. Kila upande uliitazama sanamu ukaiona dini ya upande wa pili. Katika mambo yote waliyowahi kubishana, hilo ndilo la kwanza walilokubaliana: kwamba si ya kwao, na kwamba mtoto ni wake.

Nilisema nilichojua, kwamba baba aliileta miezi miwili iliyopita, kwamba alipewa na mwanamke aliyekuwa anahama. "Nyumba gani? Mwanamuke gani? Wa kabila gani?" Sikujua. Baba Mkubwa Yusufu, kaka yake baba, alikuwa mtu wa haki. Nalisema kwa sababu wengi hudhani mambo kama haya hufanywa na watu wabaya. Aliniita saloni, akanipa kiti. "Mwamini, miye sipendi kusikia maneno ya uchawi juu ya mutoto wa ndugu yangu. Lakini watu wanasema. Unitafutie kitu hii ni nini na inatoka wapi. Tutangoja arobaini. Siku ile, mbele ya watu, utatuambia. Ukikosa, mutoto haibaki humu." Nilimshukuru. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondere, nilikuwa na siku thelathini na kidogo, na niliamini kwamba kitu chenye jibu hupatikana kikitafutwa. Nilimwambia mwalimu wangu nitarudi baada ya arobaini. Kiti changu, nadhani, bado kinaningoja.

Nilizunguka Goma na mwanamke yule ndani ya kikapu, juu yake nimeweka sombe, majani ya muhogo, ili watu wasiulize. Muuza vinyago mmoja, aliyekuwa anangoja watalii wa kwenda mbugani Rumangabo, aliigeuza mara mbili, akasema si ya huku, si ya Kasai, si ya Afrika yoyote anayoijua. "Lakini nikiiuza nitasema ni malkia wa Ethiopia. Wazungu wanapendaka malkia." Akaniuliza kama naiuza. Muhindi mwenye duka la vitambaa Birere aliitazama kwa miwani, tena bila miwani. Nilimuuliza kama ni mungu wa kwao. Alicheka, si kwa ubaya. "Hapana, mtoto wangu. Wa kwetu ningemjua. Huyu si mungu, huyu ni mchezaji, anacheza tu. Lakini si ngoma yetu. Ni ya mbele zaidi, mashariki." Nchi gani? "Eh, kule nchi ni nyingi." Nilitoka dukani nimefurahi kama niliyepewa dawa. Anacheza tu! Sikukumbuka hata kidogo kwamba neno hilo nilikuwa nimelisikia tayari, nyumbani, juu ya sahani ya sambaza.

Wa tatu alikuwa Muzee Kambale, fundi aliyeyeyusha vyuma vibovu vya magari na kumimina sufuria, katika karakana ya mabati nyuma ya soko. Huyo ndiye aliyeijua kuliko wote, ingawa hakujua inatoka wapi. Aliipangusa na shati lake, akapitisha ukucha ubavuni, toka kwapani hadi kwenye nyonga. "Gusa hapa. Unasikia mustari? Ni pale kalibu mbili zinakutana. Na hapa wamepitisha tupa, haraka haraka, mutu alikuwa na zingine za kumaliza. Binti yangu, dawa ya kuua mutu inatengenezwaka moja, na mutu anakesha nayo. Hii wametengeneza mia, kisha wakaenda kula." Nikamwambia juu ya sauti ya ndani. Akaitikisa sikioni, kra kra, akatabasamu kama mtu aliyesalimiwa na rafiki. "Ni udongo. Ukimimina kitu chenye kuwa wazi ndani, unaweka udongo katikati ili chuma kizunguke. Halafu unautoa. Huyu alikuwa mvivu, hakutoa wote." Akaichukua, akaiweka kwenye jiliwa, kiuno katikati ya meno ya chuma, akafikia msumeno. "Tukate hapa. Itachukua dakika kumi. Udongo utaanguka, utawapelekea vipande viwili na udongo wao, na miye nitakuja kusema nimekata kwa mukono wangu. Maneno itaisha."

Nilishika mkono wake. Asubuhi ile, wakati naiweka kikapuni, Riziki alikuwa amenivuta gauni. "Yaya, usimuumize." Nikamwahidi. Ilikuwa ahadi ya kumwezesha mtoto kunywa chai yake, lakini nilikuwa nimeitoa. Tena ilikuwa kadoo ya mwisho ya baba, na nilikuwa na maneno mawili mapya, mchezaji na udongo, nikadhani maneno yatatosha. Muzee Kambale akauweka msumeno chini. "Sawa. Lakini watu hawaaminiaka maneno, binti yangu. Wanaaminiaka kitu imekatika." Akaifungua kwenye jiliwa, akanirudishia. Watu husema mimi ni mtu wa msimamo, kwamba nililea, nilishika nyumba, sikuyumba. Kila wakisema hivyo naiona jiliwa ile ikifunguka.

Siku ya arobaini Baba Mkubwa alileta mfuko mzima wa mchele. Nilipika toka alfajiri pamoja na wanawake, na Riziki alichambua mchele akiwa ameketi juu ya ndoo, akiweka vijiwe vyeusi pembeni kwa mstari. Wanaume walikaa saloni, wakasoma hitima, wakala. Kisha Baba Mkubwa akaniita. Msichana haingii katikati ya wanaume, kwa hiyo nilisimama mlangoni, nusu yangu ndani, nusu jikoni, nikaanza kueleza. Nilieleza vizuri. Nilieleza mstari wa kalibu, tupa, udongo. Nilisema ni mchezaji, si mungu, si jini. Nilimwona Baba Mkubwa akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayetaka kushawishika. "Muchezaji wa wapi?" akauliza.

"Wa mashariki, baba. Mbele ya Uhindi."

"Nchi gani?"

Mtu mmoja akasema, "Basi Shina, kwa Wachina," na wengine wakacheka. Shangazi Aziza akasema kutoka jikoni, nyuma yangu, kwa sauti ya upole, "Mutoto ya watu anajitahidi kufunika mudogo wake. Angekuwa miye, ningefanya vile vile. Lakini hata jina ya nchi hana." Nikasema kwamba fundi anaweza kuikata, sasa hivi, mbele yao, naenda kumwita. Ndipo mikeka ikachafuka. "Isifunguliwe humu!" "Mufungue mufe nyote!" Wazee waliokuwa wanacheka walikuwa wamesimama. Muzee Kambale alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua: palikuwa na siku ya kuikata, na siku ile ilikuwa imepita. Nilipogeuka niliona mfuko wa mchele mtupu umekunjwa karibu na jiko. Nilikuwa nimeutazama toka asubuhi. Ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu, Riz de Thaïlande, na nilikuwa najua kusoma. Jina walilonidai lilikuwa tumboni mwao wote.

Baba Mkubwa alitoa uamuzi huku hanitazami. Riziki angeondoka na Mama Mdogo Josefina kwenda Bukavu, kwa watu wa mama yake, ambao wana maombi ya mambo kama haya. Mimi na Saidi tungebaki Murara, na Shangazi angehamia pamoja na wanawe ili kutuangalia. Kama sikubali, nyumba ingevunjwa mbao, Saidi apelekwe Kindu, na mimi niolewe. Aliniuliza, "Unakubali?" Nimesoma mahali fulani kwamba mtu asiye na njia hana kosa. Mimi nilikuwa na njia mbili na nikachagua. Nilichagua nyumba yenye watoto wawili, mimi na Saidi, badala ya kukosa nyumba na sote watatu kutawanyika. Nikasema, "Nakubali, baba." Riziki alikuwa bado juu ya ndoo. Alinisikia. Nyumba ile, kama nilivyosema, ilikuwa na nyufa.

Nguo zake nilizifunga katika ule mfuko wa mchele, kwa sababu hatukuwa na begi. Asubuhi ya mashua Shangazi aliichukua sanamu kwenda kuitupa ziwani, jiwe la lava limefungwa shingoni mwake kwa kamba. Alirudi kabla ya saa sita. Gauni lake lilikuwa limelowa hadi magotini, na alikuwa anatetemeka kwa baridi, hata nikampa chai. "Imeenda," aliniambia. "Imezama kama jiwe." Jioni hiyo alihamia katika chumba cha baba na wanawe watatu, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima watoto wale walilala mahali penye mlango.

Nilikwenda Bukavu miezi mitano baadaye, mwisho wa mwaka. Mama Mdogo alinipokea vizuri, alipika maharagi na ndizi, akaniita mwanangu. Riziki aliletwa mezani. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele zimesukwa safi, na vidole vyake vyote kumi vilikuwa vimefungwa vitambaa vyeupe, kila kimoja na kijiti cha mwanzi ndani. Alishika kijiko kama mtu anayeshika nyundo. "Ni ya maombi," Mama Mdogo alieleza, akiniongezea maharagi. "Ili visiite majini tena. Tunafunguaka Siku ya Mungu tu, ya kwenda misa." Nilikula. Hilo ndilo ambalo sijawahi kumwambia mtu: nilikula yale maharagi yote, kwa sababu nilikuwa mgeni, na sahani ya mgeni hairudishwi na chakula. Riziki hakuniuliza atarudi lini. Aliniuliza tu, "Yule anasikia baridi kule chini ya maji?" Nikamjibu sijui.

Nilianza kazi kwa Muzee Kambale mwezi wa kwanza, kupiga msasa sufuria zake. Alipokufa niliendelea na wanawe, na mpaka leo nauza sufuria zao Birere. Saidi alisoma hadi diplome. Shangazi Aziza alikaa nasi miaka ishirini na miwili. Aliniuguza malaria. Alimfungia Saidi tai siku ya harusi yake. Tulikula sahani moja, na kila Idi, kumbe, alikuwa anafunga mlango na kumsugua mwanamke yule kwa limau na majivu hadi ang'ae. Nimejaribu kumwelewa. Kama alikuwa anamwogopa, asingelala juu yake. Kama hakumwogopa, basi alijua, tangu siku ile, kwamba mtoto hana kosa, akaingia ziwani hadi magotini ili gauni lithibitishe. Alikuwa na watoto watatu kati ya magunia. Alihitaji chumba. Naandika sentensi hiyo na naielewa kila neno, na haipunguzi kitu.

Kwa hiyo siku ile ya sanduku, wanawake walipomaliza kucheka, nilimwita Saidi, nikamwambia alete msumeno wa chuma kutoka kwenye mzigo wangu. Alipoona kilichokuwa kwenye mkeka, alishika ukingo wa mlango. Yeye ndiye pekee mle ndani aliyejua. "Yaya, wacha," akasema. "Imekwisha."

"Haijaisha. Shika miguu."

Akashika. Nilikata pale pale Muzee Kambale alipopaonyesha, kiunoni. Hakukosea hata muda: dakika kumi. Mwajuma alikuwa ananung'unika kwamba ni kitu cha mama yake, kwamba ingeweza kukaa ku vitrini, ndani ya kabati ya vioo. Shaba ilipoachia, nikainamisha nusu ya juu, na udongo wa kijivu ukaanguka juu ya mkeka, haukujaa hata kijiko cha chai. Wasichana waliinama kutazama. "Ni hiyo tu?" akauliza mwenye simu. "Ni hiyo tu," nikasema. Nikainua macho, nikawatazama wote mmoja mmoja. Hakukuwa na hata mmoja kati yao niliyekuwa namdai jibu. Waliotakiwa kuuona udongo ule wako makaburini, na hawa walikuwa wanangoja tuendelee na kugawa vikombe.

Riziki yuko Bukavu bado. Anauza dawa katika famasi, ana watoto wawili, ananipigia Idi na Noeli. Mashua zipo kila siku, lakini kwenye matanga hakuja, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Nilitoka nje, nikakaa juu ya jiwe la lava, nikampigia. Nilimweleza yote kwa mpangilio, sanduku, limau, simu. Nikamwambia, "Tumejua sasa. Ni mchezaji. Wa Thailand."

"Yaya," akasema, "miye niliwaambia anacheza. Siku ya kwanza. Muko munakula."

"Ndiyo."

"Umemufanya nini?"

"Nimemkata."

Nikasikia mteja akimwita, akimwomba dawa ya kikohozi, naye akimwambia angoje kidogo.

"Na vidole vyake?" akauliza. "Vingali vimepinda?"

Nilikuwa na nusu ya juu mapajani. Niliitazama ili nisimdanganye. "Vingali."

"Haya," akasema Riziki. "Vyangu vilinyooka."

Kisha akaenda kumhudumia mteja.